Mgeni Aliyemaliza Sahani

Njia ya kwenda Makomeo sitaieleza. Wanaoniuliza njia hutaka habari za mito na milima, na mimi sina habari hizo. Nilikwenda, nikafika, basi. Ninachotaka kueleza ni sahani moja ya wali niliyoila huko, na mtu mmoja ambaye kwa sababu ya sahani ile yumo ndani mpaka leo. Nimeyasimulia haya misibani, harusini, na kwenye vibaraza vya watu wasionijua, na mara nyingi watu hucheka mahali pasipo pa kucheka. Sasa nimeona niyaandike.

Kwanza mnijue. Naitwa Abeid Mwinchande, na kazi yangu ilikuwa mizani. Miaka thelathini na mmoja nilipima pamba ya wakulima kwenye ghala la ushirika, na sikumpunja mtu hata ratili moja. Naringia hilo, na anayetaka kununa na anune. Alipofariki mke wangu, Ruzuna, nilibaki na nyumba ya vyumba vinne na jiko nililokuwa nikiliogopa. Nilijipikia ugali mgumu upande mmoja na mbichi upande wa pili, nikaula nimesimama. Mtu anayekula amesimama ndani ya nyumba yake mwenyewe ni mpita njia tu, kwa hiyo nikafunga mlango nikaenda kuwa mpita njia kweli.

Jambo jingine la kunijua ni hili. Bibi aliyenilea hakuruhusu mtu akatae chakula cha mwenye nyumba. Kiwe kimeungua, kiwe kibichi, unakula, unanawa, unashukuru. Nilichapwa kwa ajili ya bamia nikiwa na miaka sita, na tangu siku hiyo sijasukuma sahani ya mtu.

Mpakani mwa Makomeo nilipokewa na askari wawili waliovaa sare safi. Nikatoa karatasi zangu, wakazikataa kwa upole. Mmoja akasema, "Mgeni ale kwanza, mzee. Mengine baadaye." Hiyo ndiyo sheria yao ya kwanza: mgeni haulizwi jina, wala atokako, wala shida iliyomleta, kabla hajatia kitu tumboni. Nikasema moyoni, hawa ni watu kweli! Nchi ngapi nimepita ambazo hata maji niliyanunua?

Wakanipeleka Nyumba ya Wageni, jengo jeupe lenye meza ndefu na kitambaa kilichopigwa pasi. Nilikuwa peke yangu mezani. Askari wawili walisimama mlangoni, mikono nyuma, kimya. Ukutani, upande wa jikoni, palikuwa na kidirisha cha kupitishia sahani, na hapo ndipo nilipomwona mpishi: mwanamke mwembamba wa makamo, kanga ameifunga kichwani mpaka kwenye nyusi. Akasukuma mbele sahani ya wali na mchuzi wa kuku wa nazi. Hakusema karibu. Harufu ilikuwa nzuri, jamani, harufu ya nyumba yenye mtu ndani.

Tonge la kwanza nilipolitia mdomoni, macho yalinitoka. Chumvi! Sisemi chumvi iliyozidi kidogo, ile ya kuomba ndimu. Nasema chumvi ya kukaushia ngozi ya ng'ombe. Ulimi ulikufa ganzi. Nikamtazama mpishi, naye ananitazama bila kupepesa, ameushika ukingo wa kidirisha kwa mikono miwili. Nikadhani anangoja kuona kama mgeni amependezwa. Nikamtabasamia, nikakata tonge kubwa zaidi.

Niseme ukweli wote, haikuwa adabu peke yake. Tangu Ruzuna aende, hapakuwa na mtu aliyenipakulia chakula akakaa kuniangalia nikila. Hata ungekuwa mchanga ningeumaliza. Nilikula mpaka punje ya mwisho, nikakomba mchuzi kwa kidole, nikanywa magilasi matano ya maji. Kisha askari mmoja akaniletea Kitabu cha Wageni na kalamu. Nikaandika kwa mwandiko wangu wa ghalani, ulionyooka: *Chakula kitamu sana, sijapata kula kama hiki. Mpishi apongezwe. Nimeshiba.* Nikatia sahihi. Nilipoinua macho, yule mwanamke alikuwa anajifuta machozi kwa ncha ya kanga, na kidirisha kikafungwa. Moshi wa jikoni, nikajisemea.

Aliyenitembeza mjini alikuwa Kanali Bwanakheri, Mkuu wa Boma, mtu mpole, mwenye magoti mabovu, anayeomba radhi kila baada ya maneno matatu. Boma ndilo gereza lao la jeshi, na liko katikati ya mji. Lilijengwa wakati wa vita, vyumba mia sita, kwa ajili ya askari waliovunja amri. Vita vyenyewe vilikwisha kabla walinzi wengi wa leo hawajazaliwa.

"Walinzi mnao wangapi?" nikamuuliza.

"Mia sita, samahani. Kila chumba na mlinzi wake. Halafu kuna wapishi, wafua nguo, wapiga tarumbeta, mafundi wa kufuli, na ofisi."

"Na wafungwa?"

"Mmoja," akasema Kanali, na akanishika mkono tuvuke barabara.

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Njiani alinionyesha daraja lililoishia katikati ya mto, kwa sababu mbao zake zilihitajika kwenye minara ya Boma. Watu walifika mwisho wa daraja, wakavua viatu, wakashuka majini, na hakuna aliyelalamika. Akanionyesha zahanati ambako akina mama walijifungulia kwenye mikeka. Magodoro yapo, akaniambia, lakini yako Boma, kwa maana sheria inataka kila chumba kiwe na godoro jipya kila mwaka, kiwe na mtu kisiwe na mtu. Katika kila vikapu kumi vinavyovunwa Makomeo, sita huingia Boma. Shule ni ya Boma, mwalimu analishwa na Boma, mchinjaji anauzia Boma, na mwadhini na mpiga kengele wote wawili wamo kwenye orodha ya Boma.

"Hakuna mtu katika nchi hii anayegharimiwa kama mfungwa wetu," akasema Kanali, na niliona kwamba anajivuna na anaona haya kwa pamoja. "Hata Mkuu wa nchi hafiki robo yake."

"Basi lazima anaishi vizuri."

"Ana blanketi moja," akasema Kanali. "La pili lilikatwa mwaka jana, katika kubana matumizi. Samahani."

Niliomba nimwone. Hilo halikuwa gumu, wageni wote huonyeshwa. Kazi ilikuwa kujua yuko wapi siku hiyo, maana mfungwa yule huhamishwa chumba kila asubuhi. Nilipouliza kwa nini, Kanali alinishangaa. Mlinzi asiye na mtu wa kulinda, akasema, atahesabiwaje kuwa mlinzi? Kwa hiyo kila mlinzi hupata zamu yake. Katika siku mia sita, analinda chumba kitupu siku mia tano tisini na tisa, akijiandaa, na siku moja analinda mtu. Siku hiyo mlinzi hunyoa, hung'arisha viatu, na mkewe na watoto huja getini wamevaa nguo za sikukuu, wakampigia makofi tarumbeta inapolia. Niliyaona kwa macho yangu. Palikuwa na visheti na sharubati.

Chumba cha siku hiyo kilikuwa cha mia tatu kumi na saba. Mlinzi wake alisimama mlangoni na viatu vipya, amejikaza kwa furaha. Ndani alikaa mzee mrefu aliyepinda mgongo, ndevu nyeupe, blanketi mabegani. Jina lake Koplo Sadala.

"Karibu, ndugu yangu," akasema. "Kiti sina. Cha jana kilikuwa na mguu mfupi, cha leo bado hawajaleta."

Nikakaa chini karibu naye, nikamuuliza alikosa nini.

"Mama yangu alifariki nikiwa lindoni. Nikaomba ruhusa, nikajibiwa kwamba ombi litasikilizwa baada ya wiki mbili. Sasa maiti utaiweka wapi wiki mbili? Nikaifuta bunduki vumbi, nikailaza chini taratibu, nikaenda nikazika. Siku ya pili nikarudi. Bunduki niliikuta palepale nilipoilaza. Nikahukumiwa miaka sita."

"Na umekaa?"

"Huu wa ishirini na moja."

Alisema kama anayetaja umri wa mti. Nikamuuliza swali la kijinga, kwamba anatamani nini zaidi. Akafikiri.

"Zamani nilitamani kutoka. Siku hizi natamani kulala mahali pamoja siku mbili. Nifumbue macho asubuhi niujue ukuta. Kila nikiamka inabidi nijiulize kwanza niko wapi, halafu nakumbuka kwamba ni palepale." Akacheka kidogo, mlinzi naye akacheka kwa heshima. Kisha Koplo akanisogelea. "Umekula?"

"Nimekula."

"Mpishi wa kule ni mke wangu. Siwema. Aliomba kazi ya jikoni ili awe karibu nami, na walipompa tu wakamsomea sheria kwamba mpishi haonani na mfungwa. Hatujaonana miaka yote hiyo. Lakini chakula changu anakipika yeye, na sahani yake naijua. Akiwa na raha anazidisha bizari kidogo. Akiwa na huzuni wali unakuwa laini. Mwaka juzi, siku kumi na moja, ulikuja mkono wa mtu mwingine, nikajua anaumwa, nikakaa nahesabu. Siku ya kumi na mbili mkono ukarudi wake. Nililia, nakwambia bila haya. Haya niambie, leo chakula kilikuwaje?"

Mbele ya mtu kama huyo sikuweza kudanganya. "Nisikufiche, ndugu yangu. Chumvi ilizidi. Ilizidi mno."

"Siwema hazidishi chumvi," akasema.

"Labda ilimponyoka."

"Miaka ishirini na moja haijamponyoka." Akamtazama mlinzi. Mlinzi akatazama viatu vyake vipya. Koplo akanigeukia, akaniuliza kwa sauti ya chini, kama anayeuliza habari za mgonjwa, "Ulikimaliza?"

"Nilimaliza. Mimi si mtu wa kubakiza chakula cha watu."

Akatikisa kichwa polepole kwa muda mrefu. "Haya," akasema. "Umefanya vizuri. Umelelewa." Akajifunika blanketi, akageukia ukuta ambao kesho yake hangeuona tena. Nikaaga, hakuitika. Nilitoka nikidhani nimemkosea kwa kumsema vibaya mkewe, na sikujua kosa langu lilikuwa jingine kabisa.

Kesho yake Kanali alinipeleka Barazani. Nilibahatika, maana ilikuwa siku ya saba ya Mjadala wa Gharama, ambao hufanyika kila mwaka. Wajumbe wote walikubaliana kwamba gharama ya Boma inaiua nchi. Sijawahi kuona watu wanaokubaliana vile. Mmoja alilia akisema wajukuu zake wanavuka mto kwa miguu. Mwingine akapendekeza mfungwa akatwe chai ya jioni. Wa tatu akasema chai haitoshi, iundwe kamati ya watu arobaini ichunguze, na kwa kuwa kamati itahitaji mahali pa kukaa, vyumba vya Boma vina magodoro. Wa nne, mtu msomi, alieleza kwa saa nzima kwamba gharama kwa kila mfungwa ni kubwa kwa sababu mfungwa ni mmoja, kwa hiyo wakipatikana wengine hamsini gharama kwa kila mmoja itashuka sana. Alipigiwa makofi.

Ndipo mama mmoja kutoka jimbo la mbali, mara yake ya kwanza Barazani, akasimama akauliza, "Waheshimiwa, huyu baba si amekwisha maliza miaka yake? Kwa nini tusimfungulie?"

Nilitegemea wamzomee. Hawakumzomea. Ukumbi wote ulimtazama kwa huruma, na Spika akasema, "Tungependa, mama. Nani atamfungulia?" Akaagiza sheria isomwe.

Sheria yenyewe ni nzuri, na nimepima sheria nyingi kichwani mwangu bila kuona iliyonyooka kuliko hiyo. Wazee waliojenga Boma walijua kwamba anayefaidika na gereza hatapenda liwe tupu. Kwa hiyo walisema kufuli ya mwisho ifunguliwe na mtu aitwaye Mfunguzi, na Mfunguzi awe mtu asiyekula cha Boma: asiajiriwe nalo, asiliuzie kitu, asionje hata uji wake. Wa mwisho alikuwa mkulima mmoja aliyekaa mlimani, akija kazini na muhogo wake mfukoni. Aliwafungulia wafungwa mia tano na ushee. Akafariki miezi michache kabla Koplo Sadala hajamaliza miaka sita. Wakatafuta mwingine, wakatafuta nchi nzima, wasipate. Kila nyumba ilikuwa na mtu wa Boma, na wote waliokula naye walikuwa wamekula cha Boma. Hata mlima ule ulikuwa umegeuzwa uwanja wa gwaride.

"Je, sheria inasema lazima awe mzaliwa wa Makomeo?" Hiyo ilikuwa sauti yangu. Nilikuwa nimesimama kabla sijajua kwamba nimesimama.

"Haisemi," akajibu Spika.

"Basi mimi hapa. Abeid Mwinchande. Si wa hapa, sijaajiriwa hapa, sijauza kitu hapa. Nipeni ufunguo nimfungulie yule mtu aende kwa mkewe."

Moyo ulinidunda kama wa bwana harusi. Tangu nimzike Ruzuna sikuwa nimehitajiwa na mtu yeyote kwa jambo lolote, na ghafla palikuwa na mlango duniani unaonihitaji mimi. Nikamtazama Kanali Bwanakheri nikitegemea atafurahi. Alikuwa anasugua goti lake.

Wakanisaili palepale. Swali la kwanza, na lilikuwa moja tu, "Umekula cha Boma?"

"Sijala," nikasema kwa nguvu. "Nimekula Nyumba ya Wageni."

"Nyumba ya Wageni ni ya nani?"

Nikageuka kumtazama Kanali. "Ya Boma," akasema. "Samahani, mzee wangu."

Basi. Nilihisi ile chumvi imerudi ulimini. Nikasema sikujua. Spika akasema wanakubali kwamba sikujua. Nikasema nitafunga mwezi mzima, nitakunywa maji ya mto tu. Akasema tumbo huwa tupu tena lakini aliyekula amekwisha kula. Hapo mjumbe mmoja mzee, ambaye naamini alitaka kunisaidia, akakumbusha kwamba sheria ina mlango mdogo: chakula kilichoonjwa kikakataliwa hakihesabiwi kuwa kimeliwa. Ukumbi ukachangamka. Wakajadili mchana kutwa. Je, nilibakiza? Nilikunja uso? Niliomba kingine? Askari wawili wa mlangoni wakaitwa, wakasema mgeni alikula vizuri, alikomba mchuzi kwa kidole.

"Lakini kilikuwa hakiliki!" nikapiga kelele. "Chumvi tupu! Muulizeni mpishi! Nilikula kwa taabu!"

Kikaletwa Kitabu cha Wageni, juu ya mto wa hariri. Karani akasoma kwa sauti nzuri: "Chakula kitamu sana, sijapata kula kama hiki. Mpishi apongezwe. Nimeshiba."

"Huu ni mwandiko wako?" akauliza Spika.

"Ni wangu. Niliandika kwa adabu tu."

"Yaani uliandika uongo?"

Miaka thelathini na mmoja kwenye mizani sijadanganya mtu. Nilidanganya mara moja, kwa kumpendeza mpishi, na uongo huo ndio uliokuwa umelala juu ya mto wa hariri. Nikasema ndiyo, niliandika uongo. Spika akasema kwa masikitiko kwamba mtu anayekiri kuandika uongo hawezi tena kuaminiwa anaposema chakula kilikuwa kibaya. Wakapiga kura, nikakataliwa. Hakuna aliyenichukia, na wengi walikuja kunipa mkono.

Nje, Kanali alinisindikiza akichechemea. "Hata mimi ningependa aende," akaniambia. "Nimechoka, mzee wangu. Nina magoti. Lakini nina watoto saba katika shule ya Boma, na wewe ungefanyaje?" Nilikuwa na hasira ya kumrukia na sikuweza, kwa sababu mdomoni mwangu mlikuwa na wali wake.

Siwema alinikuta njiani, penye lile daraja la nusu. Mgeni akishakataliwa hakuna anayejali nani anazungumza naye. Kwa karibu alikuwa mzee kuliko nilivyodhani. Nikamwamkia, nikamwita shemeji, maana sikujua nimwite nani mwingine.

"Nilikutilia chumvi mpaka mkono ukaniuma," akasema. "Nilimimina mfuko mzima. Nikasema leo huyu atatema tu, hata awe nani. Nawe unanichekea, unakula! Ukakomba na kidole!"

"Kwa nini hukuniambia, shemeji?"

"Kumwambia mgeni asile ni kumfukuza, na kumfukuza mgeni hapa ni kifungo. Chumvi haina sheria. Wanajua, wote wanajua, hata wale wa mlangoni. Wanajua pia kwamba nyinyi wageni mtamaliza." Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo. "Wewe ni wa kumi na saba. Mmoja kabla yako aliomba aongezewe."

Nikamwomba radhi. Nilipiga magoti pale kwenye mbao, mzee mzima, nikalia. Akaniinua kwa kiwiko, akaniuliza kama nilimwona mumewe, kama mgongo bado unamsumbua, kama ndevu wanamkata. Nikamweleza yote, nikamwambia habari ya zile siku kumi na moja alizozihesabu. Alisikiliza akitazama maji. Kisha akanipa kifurushi cha majani ya mgomba. "Chakula cha njiani. Hiki nimekipika sawasawa."

Nikakipokea. Akaniita tena nilipokuwa nimekwisha ingiza mguu mtoni.

"Shemeji. Huko kwenu hakuna watu wasio na adabu?"

"Wapo tele."

"Nitumie mmoja."

Ng'ambo ya mto nilikaa juu ya jiwe nikafungua kifurushi. Wali ulikuwa laini. Nilikula peke yangu, nimekaa, na kwa mara ya kwanza tangu nifiwe nilijua hasa mtu aliyenipikia anajisikiaje.

Niliporudi nyumbani nilimtuma mpwa wangu, Chogoe, mtu wa miaka arobaini, mkorofi hajapata kutokea, aliyewahi kurudisha chai msibani akisema ni ya baridi. Nikamweleza kila kitu, nikamwapisha. Akaenda, akarudi, akaketi mbele yangu ameinamisha kichwa.

"Mjomba, ilikuwa chumvi kweli. Nilikuwa niteme. Wallahi nilikuwa niteme. Halafu nikamwona yule mama pale dirishani, anavyoniangalia. Nikamwonea huruma. Nikamaliza."

Huyo ni wa kumi na nane. Sina mpwa mwingine, na miguu yangu haifiki tena popote. Kwa hiyo nakwambia wewe unayesoma, usiyenijua. Ukijikuta Makomeo, na ukakaa peke yako kwenye meza ndefu, na mwanamke akakusukumia sahani kupitia kidirisha, usimwonee haya, na nakuomba sana, usimwonee huruma. Onja tonge moja. Liteme sakafuni. Sema kwa sauti askari wasikie kwamba chakula hiki hakiliki, waiondoe hii sahani mbele yako. Wakikuletea kitabu, andika hivyohivyo, kwa mwandiko unaosomeka. Atalia, utamwona. Mwache alie, nenda kaombe ufunguo.